Saladi Ndefu za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu amelima mahindi maisha yake yote, na kwa mkulima wa mahindi, kilichorefuka ndicho kilichobarikiwa. Mimi nalima saladi. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa, ingawa mbele za watu tulikuwa tukiuita utani.

Shamba la bondeni ni lake. Alinipa kwa msimu mmoja, kwa sharti alilolitamka mbele ya mume wangu nisije nikajidai sikusikia: nikipata mnunuzi wa kudumu, naendelea, nikikosa, anarudisha mahindi yake. "Majani mabichi ni chakula cha mbuzi, mwanangu," alisema, "na mimi mbuzi nilishauza."

Nikahangaika, nikapata. Mpishi mkuu wa hoteli moja kubwa, mwanamke asiyecheka ovyo, alikubali kuja asubuhi aonje mwenyewe ndipo atoe neno. Nilipanga kuvuna alfajiri, maana saladi ikikatwa juani hulegea kabla haijafika barabarani.

Nilipofika bondeni nilimkuta baba mkwe ameshanitangulia. Kreti zimejaa, zimepangwa kando ya bomba, naye anafuta kisu kwenye suruali kwa raha zake.

"Nimekuchagulia zenye afya," alisema. "Ndefu tupu. Zile fupi nimeziacha, bado hazijafika."

Nilichungulia ndani ya kreti. Alikuwa amefyeka tuta la mwisho, lile nililochelewa kulivuna hadi joto likalipandisha shina. Saladi ikipanda shina inajiandaa kutoa maua, na majani yake huwa machungu kama shubiri. Pale kisu kilipopita palikuwa panatoka utomvu mweupe. Hizo nilikuwa nimewawekea kuku.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea. Mzee anataka mahindi yake. Nilikasirika, na heshima ya mkwe tu ndiyo iliyonizuia nisimfokee.

Mara, mpishi huyo. Alisalimia, akachomoa jani kwenye kreti, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akageuka pembeni, akatema kwenye leso yake kwa adabu zote.

"Mama, hii ni chungu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mkwe alisogea mbele yangu.

"Haiwezekani. Mkwe wangu halimi kitu kichungu."

Akachuma jani zima, kubwa kuliko yote, akalitia kinywani. Machozi yalimlenga, masikio yakamcheza, lakini mzee alijikaza kisabuni akameza lote.

"Tamu," alisema, sauti imemkauka. "Tamu kabisa. Naongeza."

Na kweli akaongeza. Hasira yangu iliyeyuka palepale. Mtu anayekuombea ukose hawezi kula majani ya namna ile kwa ajili yako. Nilimpenda yule mzee siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Mzee, acha, utaumwa," mpishi alisema, na sasa alikuwa anacheka.

"Dada, nikwambie ukweli," nilisema. "Hizi zimeshapanda shina. Baba amekata alizoamini ndizo bora. Nzuri ni zile alizoziacha."

Nikampeleka kwenye matuta ya zile fupi. Alikata kichwa kimoja, akavunja jani, likalia kama kijiti kikavu. Akatafuna mpaka mwisho, akachukua la pili bila kuniangalia.

"Hizi nitachukua kila wiki," alisema. "Ila mzee asivune."

Mzee mwenyewe alikuwa bado bombani anasukutua. Alikuja akijifuta ndevu, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa makini, jambo ambalo msimu mzima hakuwahi kulifanya.

"Kwa hiyo zikirefuka ndiyo zimeharibika?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hizi zitarefuka lini?"

"Joto likiendelea hivi, wiki hii hii."

Aliyatazama matuta kama mtu aliyeambiwa paa lake linavuja. Mpishi alikuwa ameshaanza kunisimulia habari za jikoni kwake, na mzee akamkatiza.

"Utatusamehe, mama. Sisi wakulima wa saladi hatuna muda wa kupiga soga."

Akachukua kisu chake, akainama kwenye tuta, kisha akanigeukia na kuniuliza aanze na ipi.