Tuta la Udongo Ukutani

Chumba kile nilikiona kwanza ndotoni, nawaambieni ukweli. Ukuta wa rangi ya chungwa, mlango wa bluu, dirisha limezungushiwa manjano, na ukungu wa Sumbawanga umesimama nje unachungulia kwa wivu. Nilipoamka nikajiambia, Zita, ukilala tena umelogwa. Nikaenda kununua rangi.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu, Kristiana, nilikuwa nimemtoa Mtowisa, kule bondeni alikobaki peke yake, nikamleta hapa Chanji akae na mimi. Macho yake yalibakiza mwanga na vivuli tu. Lakini alikuja na jibu lake mdomoni: "Nimekuja kutembea. Baridi yenu siiwezi." Nikajisemea, nyeupe haioni, labda chungwa ataliona, na akikipenda chumba atabaki. Akirudi kule, siku moja atajikwaa kwenye moto jikoni na hakuna wa kumwinua. Nilikuwa naogopa hilo kuliko kitu chochote.

Nilipaka mwenyewe. Fundi wa nini? Matairi ya zamani nikayazungushia kamba ya katani, yakawa viti. Vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye cherehani yangu nikaviunga, vikawa pazia. Tenga la kuku nikaligeuza juu chini, nikalipaka rangi ya waridi na kutundika taa ndani yake. Jioni likamwaga vidoadoa vya mwanga dari nzima, nami nikakaa chini yake nikajihisi naelea. Mama alikuwa kitandani na blanketi lake, anageuza uso taratibu.

"Kuna kitu kinawaka pale," alisema.

"Ni ukuta, mama."

Akaupapasa. "Mh! Ukuta gani unateleza hivi? Hauna mkono wa mtu."

Mama alizaliwa Kaengesa, na zamani wanawake wa kwao walisiriba nyumba kwa viganja kila sikukuu ikikaribia, alama za vidole zikabaki ukutani hadi sikukuu nyingine. Nilidhani anatamani mambo ya kale tu.

Jumamosi natoka sokoni, nafungua mlango. Uwiii! Tuta la udongo mweupe uliokandwa na majivu, nene kama muwa, limepita katikati ya chungwa langu! Limetoka chumbani kwake hadi sebuleni. Mama amesimama pale, mikono imejaa tope hadi viwiko. Winifrida, jirani yetu, kashika ndoo.

"Mimi nimetumwa tu, dada," akasema Winifrida. "Mtu mzima akikutuma unakataaje?" Akaacha ndoo, akatokomea.

Mimi hasira zangu haziko mbali. "Mama! Kama nyumba yangu huitaki si useme? Fabiani dereva anashuka Mtowisa na gari lake saa hii hii. Nenda!"

Mama akafuta mikono kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja. "Haya, mwanangu," akasema. Akachukua kifurushi chake, akajigonga bega mlangoni, akatoka kuketi barazani kusubiri gari.

Nikalowesha kitambaa nifute. Machozi yakaniziba, sioni kitu, nikaacha kiganja kifuate lile tuta kuanzia mwanzo wake. Jamani! Lilianzia kwenye mto wake wa kulalia. Lilikuwa usawa wa mkono wa mtu mfupi aliyeinama kidogo. Likanipitisha kando ya kabati, likanikunjisha kona bila kugonga chochote. Kabla ya ngazi ya kushukia sebuleni nikagusa kinundu, kimebonyezwa kwa dole gumba: hapa shusha mguu. Nilitembea nimefumba macho ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ikawa kubwa, laini, na kimya, nikasahau hata kitambaa nilichoshika. Halafu tuta likakatika. Hapo ndipo nilipomkatiza.

Mtu anayeondoka hajitengenezei njia. Mama yangu alikuwa anahamia, na mimi nimemfukuza.

Nikatumbukiza mikono kwenye ndoo. Tope lilikuwa baridi la kuuma mifupa. Langu lilitoka limepindapinda kama mkia wa ng'ombe, sikujali, nikalivusha sebule, nikazunguka mlango wa bluu, nikalitoa nje hadi barazani alipokaa. Honi ya Fabiani ikalia njiani. Nikaushika mkono wa mama, nikaulaza juu ya udongo mbichi.

"Nisamehe, mama. Usiende."

Mama akainuka, kiganja kikaanza kutembea, polepole, kikipanda na kushuka kwenye mapindapinda yangu. Honi ikalia tena. Mlangoni mama akasimama, akakunja uso.

"Zita, we mtoto! Umenifikisha barazani tu. Sasa chooni nitafikaje?"