Wa Kwanza, wa Tano, wa Tatu

Mlango wa kushoto wa lori la baba uliandikwa HAIFAI kwa rangi nyekundu, herufi nene kama mikate. Maandishi hayo yana miaka thelathini na minane. Kwetu kila mtu ana kazi yake, na yangu mimi ni kutosahau.

Aliyeyaandika alikuwa mkaguzi wa magari. Wiki moja kabla, baba alisimama kwenye uwanja wa kupakia mizigo, mbele ya madereva wenzake, akasema hapakii tena tani tisa kwenye lori lake la tani tano. "Likipinduka, bosi wa mizigo hapinduki nalo," alisema. Madereva arobaini wakazima injini. Jumatatu yake mkaguzi akaja mpaka nyumbani kwetu na kopo la rangi. Hakufungua boneti. Hakukanyaga breki. Aliandika neno lake, akafunga kopo, akaenda zake. Na hata kuandika kwenyewe hakujua! Lori ni HALIFAI. Mimi sikukaa darasani kupita miaka minne, ngeli nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia misumari, lakini kosa lile liliniuma kama tusi la pili.

Baba hakujua kusoma hata jina lake. Aliniuliza limeandikwa nini, nikamwambia. Akalitazama lile neno kwa muda mrefu.

"Aliyeandika ndiye atakayefuta," akasema.

Akaliegesha lori uani, upande wa ukuta, likabaki hapo mpaka baba akafa na sisi tukazeeka. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Majirani walitundika mazulia yao kwenye ubavu wake.

Kisha mwaka huu ikaja barua ya ofisi ya mji. Magari yote mabovu yaliyoegeshwa kwenye makazi yatabebwa kama chuma chakavu mwisho wa mwezi ujao, isipokuwa yaliyo na cheti cha ukaguzi. Nilisoma mara mbili. Walilitoa barabarani wao, sasa wanalifuata mpaka chumbani! Nikaingia ndani, nikamwambia dada, mkubwa wetu sote, ambaye alikuwa kwenye cherehani yake kama kawaida.

"Tunalifufua."

Dada hakuinua kichwa. "Wewe na nani?"

Hapo ndipo palipouma. Katika watoto sita wa nyumba ile, anayejua chuma ni mmoja tu, mdogo wetu wa tano, fundi wa kuchomelea, ambaye mimi humwita Kipenzi. Simwiti hivyo kwa mapenzi. Mezani baba alikuwa akituita kula kwa sauti ya kushusha mzigo: "Wa kwanza! Wa tano! Wa tatu! Wa sita! Wa pili! Wa nne!" Kila siku ya Mungu. Mimi ndiye wa pili. Niliitwa baada ya watoto niliowabeba mgongoni, nikakuta mchuzi umebaki alama. Na yule wa tano, katoto kenye kamasi, kaliitwa mara tu baada ya dada. Nimehutubia watu kwenye mageti ya viwanda nusu ya maisha yangu kuhusu haki, na ukweli ni kwamba hotuba ya kwanza niliitunga nikisubiri zamu yangu ya ugali.

Nilimpigia simu. Akasikiliza, akacheka.

"Kaka, miaka yote hujanipigia isipokuwa kwenye misiba. Leo kafa nani?"

"Hajafa mtu. Njoo na mashine yako."

Alikuja asubuhi iliyofuata, na ovaroli yenye matundu ya cheche. Akalizunguka lori mara moja, akaligonga kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta.

"La kuvunda halina ubani, mzee!"

"Hili halijavunda," Kipenzi akamjibu. "Limenuna tu."

Basi tukaanza, na nisidanganye, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Kila asubuhi nilikuwa uani kabla ya majogoo. Tulitoa plagi zote sita, tukamimina mafuta kwenye silinda, tukasubiri siku nane yapenye kutu. Siku ya tisa Kipenzi akatia kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, tukakishika wote wawili, tukalala juu yake kwa uzito wetu. Ikatoka sauti kama mlango wa kaburi. Kisha kikasogea. Kidole kimoja tu! Mimi nilipiga ukelele jirani akadhani nimekatika mkono.

Kuanzia hapo hatukushikika. Kipenzi alikata sakafu iliyooza ya kibini, chumba cha dereva, akachomelea bati jipya. Mimi nilisugua chesisi kwa msasa mpaka nikakohoa rangi ya tofali. Breki tulizifungua zote, mipira yake ilikuwa imegeuka unga, tukaweka mipya na mabomba mapya. Taa, nyaya, tangi, rejeta. Dada alihamishia cherehani yake barazani akashona kiti upya kwa turubai nene, akinung'unika kwamba kuku wana adabu kuliko sisi, wao angalau walikuwa wanataga. Bodi tuliipiga rangi ya buluu, ile ile ya zamani. Mlango wa kushoto sikuruhusu uguswe.

"Kaka, litakuwa kama mtu aliyevaa suti na ndala," Kipenzi alisema.

"Aliyeandika ndiye atakayefuta."

"Aliyeandika alishakufa!"

"Ofisi yake haijafa."

Zikabaki siku tatu. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa injini kuwaka. Panya walikuwa wametafuna nyaya za plagi miaka mingi nyuma, tukanunua mpya sita, na sasa swali likawa waya upi unakwenda silinda ipi. Kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi kina matundu sita kwa duara. Injini ina silinda sita kwa mstari. Mimi nikasema hakuna fumbo hapo.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kwa foleni. Haki ni foleni."

"Injini si mkutano wa hadhara, kaka. Kila injini ina mpangilio wake wa kuwaka."

"Upi?"

"Wa hii siujui. Mimi nachomelea mageti."

"Basi tunafuata haki."

Tukafuata haki. Nikapanda, nikawasha. Lori lilipiga chafya, likatikisika kama ng'ombe anayefukuza nzi, kisha likalipuka kwa nyuma, PAA! Wingu la masizi lililotua miaka thelathini na minane kwenye ekzosi likatoka lote kwa pamoja, likamkuta Kipenzi ameinama. Alipoinuka yalionekana macho na meno tu.

"Hiyo ndiyo haki yako," akasema.

Alikwenda kumuuliza fundi wa mtaa wa pili. Akarudi ameshika brashi ya waya. "Amesema zile za zamani ziliandikwa namba zake ubavuni mwa injini, kwenye chuma chenyewe. Tuzitafute."

Tulisugua kwa zamu. Grisi, kutu, rangi ya kale, kisha pakatokea kivimbe kidogo chenye namba. Kipenzi akamulika kwa simu, nikaweka miwani.

"Moja," nikasoma. "Tano. Tatu." Nikasugua tena. Mbele yake kutu ilikuwa imekula chuma, pamebaki mashimo. "Basi. Moja, tano, tatu, halafu hakuna kitu."

Kule barazani cherehani ikasimama.

"Soma tena," dada akasema.

"Moja, tano, tatu."

"Wa kwanza," dada akasema polepole, sindano bado iko kwenye kitambaa. "Wa tano. Wa tatu. Wa sita. Wa pili. Wa nne." Akatutazama. "Njooni mle."

Mimi nilishika ukingo wa boneti.

"Mnakumbuka alianza lini kutuita hivyo?" dada akauliza. "Mimi nakumbuka, maana mimi ndiye niliyekuwa napakua. Siku aliyozaliwa wa sita. Kabla ya hapo tuliitwa kwa foleni. Siku ile akasema, sasa mmetimia. Mama akamuuliza wametimia nini. Akacheka tu."

Mtu asiyejua kusoma. Kila akifungua nyaya zile njiani, peke yake, gari limebeba tani tano, hakuwa na karatasi ya kumkumbusha. Alikuwa na sisi. Akatuhesabu kila siku mezani ili asipotee barabarani. Na mimi, bingwa wa kumbukumbu, nilikuwa nimeliweka jibu moyoni zaidi ya miaka hamsini, nimelifunga kwa kamba ya hasira, nimeliandika UPENDELEO!

Nilimgeukia mdogo wangu. Bado alikuwa na masizi puani.

"Kumbe hukuwa kipenzi."

"Nilikuwa waya wa pili," akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, umeninunia tangu utotoni kwa sababu ya plagi!"

"Na mchuzi," nikasema. "Mchuzi ulikuwa unaisha kweli."

Tulipanga nyaya upya, dada akituitia kutoka barazani kwa sauti ile ile ya baba. Nikapanda. Nikawasha. Likakohoa mara moja, mara ya pili, kisha, jamani! Likashika. Silinda zote sita, moja baada ya nyingine, laini, nzito, kama mtu anayesimulia jambo analolijua vizuri. Vioo vya nyumba vikalia. Jirani akapanda juu ya ukuta mzima mzima na kusahau methali zake. Dada akaingia kibini, akaketi kwenye turubai lake jipya, akaweka mkoba mapajani.

"Twende," akasema, kana kwamba tulikuwa tumechelewa dakika tano tu.

Siku ya ukaguzi ilikuwa siku ya mwisho ya barua. Uwanja wa ukaguzi ni ule ule wa enzi za baba, mti wake umekatwa na geti limepakwa rangi, basi. Mkaguzi alikuwa mama mwenye miwani na koti la kazi, haongei sana. Akatusalimia, "Shikamooni," akaingia uvunguni bila kungoja jibu. Alitikisa magurudumu. Alipima usukani. Akamwamuru Kipenzi aendeshe mpaka kwenye mstari akanyage breki ghafla, na lori likasimama hapo hapo, palipochorwa, bila kuvuta kushoto wala kulia. Taa, indiketa, honi. Honi ililia kwa furaha kupita kiasi. Akaandika, akaandika, kisha akafika mlango wa kushoto, kalamu ikasimama.

"Hii nini?"

"Neno la ofisi yenu, mama," nikasema.

"Lori liko sawa. Lakini siwezi kupiga muhuri kwenye gari lililoandikwa haifai. Nitaonekana kichaa. Lifuteni."

"Sifuti."

Dada akafumba macho. Kipenzi akanishika mkono wa shati. "Kaka, nakuomba. Zimebaki saa mbili ofisi ifungwe. Kesho wanakuja na winchi. Lifute!"

Wiki sita za kazi, sauti ile ya injini, dada na mkoba wake, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye ubishi wangu. Lakini nikamweleza yule mama, kwa kifupi kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote. Tani tisa, madereva arobaini, kopo la rangi, boneti ambayo haikufunguliwa. Na nilichoambiwa na baba.

"Wewe umefungua boneti," nikamalizia. "Yeye hakufungua. Nyinyi ndio mlioandika. Ni nyinyi wa kufuta."

Akaligeuza lile faili mikononi. Nyuma yetu foleni ya magari ilianza kupiga honi. Kisha akalikabidhi faili kwa dada kama vile dada ni karani wake, akanyoosha mkono kwa Kipenzi.

"Una msasa?"

Kipenzi hakosi msasa. Yule mama akakunja mikono ya koti, akaanza mwisho wa neno, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua. Ikaondoka I. Ikaondoka A. Vumbi jekundu likamtua kwenye viatu. Alipomaliza F akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akarudi hatua moja nyuma.

Tukarudi na sisi.

Mlangoni palikuwa pamebaki herufi tatu. HAI.

"Niendelee?" akauliza.

"Hapana, mama!" tulisema wote watatu kwa pamoja.

Akacheka kwa mara ya kwanza, akachukua faili, akapiga muhuri juu ya boneti ya moto.

"Bahati yenu," dada akanong'ona tukipanda, "yule bwana hakujua ngeli. Angeandika HALIFAI, leo lingebaki HALI."

Miaka thelathini na minane nimelichukia kosa lile la herufi moja. Nilikaa dirishani, upande wa mlango ule, Kipenzi kwenye usukani, dada katikati. Kipenzi akatia gia, akanitazama.

"Ita," akasema.

Nikatoa kichwa nje, na barabara nzima ikasikia: "Wa kwanza! Wa tano! Wa tatu! Wa sita!" Nikajipiga kifua. "Wa pili! Wa nne!"

Likaondoka.