Mji Aliopewa Hawe Dorcas

Serikali ilipoamua kwamba wanawake wa Junda wasipigwe tena, ilileta filimbi. Nyekundu, kila mwanamke na yake. Bi Roseline wa ofisi ya jinsia akaeleza sera yenyewe: mume akiinua mkono, mke apulize, majirani waje mbio.

Hawe Dorcas, yaani Bibi Dorcas, aliitundika yake msumarini, akarudi kando ya barabara kukaanga bajia. Filimbi haiungui, bajia huungua.

Jumamosi alasiri, filimbi ikalia. Weee! Junda ilifumuka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Tangu lini filimbi ikalia mtaani, isipokuwa askari wa kaunti wamekuja kubeba bidhaa za watu? Najib wa madafu alitimua mbio na mkokoteni, Faith wa mitumba akatoweka na robota kichwani, na Hawe, kwa magoti yale yale anayoyalalamikia kila asubuhi, akabeba karai la mafuta ya moto akajificha nyuma ya kanisa.

Askari hakuonekana. Hawe aliporudi alimkuta mjukuu wake Velma, mke wa Munga, mlangoni, mdomo umevimba kama andazi, filimbi ingali mkononi.

"Nilipuliza, Hawe. Munga ananipiga, nami napuliza. Nikakuona dirishani ukipita na karai."

Hawe akaliweka karai chini. Mafuta yakapoa, hakuyarudisha jikoni siku hiyo.

Kwenye baraza la chifu, Bi Roseline alikuwa na furaha. "Tangu filimbi zije, hakuna jirani hata mmoja aliyeshuhudia ugomvi! Sera inafanya kazi."

"Mwanangu, watu wanakimbia!" Hawe akasema.

"Wanakimbia? Basi tutaleta zenye sauti kubwa zaidi, ziwafikie huko waliko."

Hawe akaona hapa maneno ya kawaida hayapiti. "Kitendawili!"

"Tega!" baraza likaitika, chifu naye.

"Wawili hulia mtaani. Mmoja akilia, watu hutoroka na vyombo vyao. Wa pili akilia, watu huja mbio na vyombo vyao."

Bi Roseline akawaza, akatazama simu, akawaza tena. "Nimeshindwa, mama."

"Basi nipe mji."

"Haya, chukua Junda," akasema akicheka.

"Mmesikia nyote? Nimepewa. Wa kwanza ni filimbi, wa pili ni mfereji. Na katika mji wangu, atakayepigwa asipulize kitu. Aite maji."

Maana Junda maji ya mfereji huja yapendapo, na yakija hayapigi hodi. Ukichelewa umeyakosa.

Haukupita muda, Munga akavua mkanda tena. Velma akapaza sauti: "Maji! Maji yametoka!"

Kufumba na kufumbua, ua ulifurika. Madumu, ndoo, mabeseni, na mmoja na sufuria ingali na ukoko wa ugali. Munga akabaki katikati, mkanda juu, kama mti wa kuanikia nguo.

"Yako wapi maji?" Najib akafoka.

"Hakuna maji," Velma akasema. "Kuna huyu."

Lo, watu walikasirika! Mke kupigwa tu, huenda wengine wangenong'ona wakaenda zao. Lakini mtu kutolewa mbio na dumu tupu!

"Ya nyumbani kwangu hayawahusu!" Munga akabwata.

"Na nyumba yako iko mji gani, baba?" Hawe akamuuliza kwa upole.

"Junda, wapi tena!"

"Basi ni wangu huo. Nilipewa na ofisi, chifu akisikia. Haya, tangulia."

Wakamsindikiza hadi kituo cha polisi, kila mtu na chombo chake. Askari wa zamu alipouona msafara akatoka nje, mikono juu. "Jamani, hata hapa hayajatoka tangu wiki jana!"

"Hatuna kiu, mwanangu," Hawe akamwambia. "Tumekuletea mtu. Amempiga mkewe."

"Mashahidi mnao?"

Hawe akageuka. Madumu ya njano yalijipanga kutoka mlangoni hadi barabarani, na juu ya kila dumu mtu amekaa, hana haraka. Dumu la mbele kabisa alilikalia Velma.