Maduhu Anasalimia Vizuri

Ukitaka kuhakikisha kwamba Maduhu ni mzima, msalimie. Hivyo ndivyo watu wa Didia walivyokuwa wakiambiana, na kwa miezi mitatu maneno hayo yalimkondesha Mbuke kuliko kazi zote za kumwogesha mume wake, kumvisha na kumshika mkono kwenda msalani.

Kwa kweli Maduhu alisalimia vizuri. Na kule salamu si jambo la kutupiana mtu akiwa anapita. Mgeni anapewa kigoda, anakaa, anauliza mmeamkaje, anauliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, shamba, na kila swali lina jibu lake. Maduhu alijibu yote bila kukosea hata moja. "Mhola," alisema kwa lugha ya kwao, yaani salama, tumeamka vizuri, ng'ombe wazima, mvua tunaingojea, wabeja, asante kwa kuja kutuona. Mkono wa kulia ulining'inia tu na mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini maneno yalitoka yamenyooka kama ya mtu mzima wa afya. Mgeni alikunywa maziwa yake, akaaga, akaondoka ameridhika.

Kilichofuata mgeni hakukiona. Maduhu alimgeukia mkewe akitaka kitu, labda maji, labda shati jingine, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. "Ta… ta…" Siku nyingine neno lilitoka, lakini halikuwa lenyewe: alitaka maji akasema jembe, naye mwenyewe akajua amesema jembe, akapiga goti kwa mkono wa kushoto kwa hasira. Mwishowe aligeukia ukuta, akanyamaza.

Basi watu wakajumlisha mambo kwa akili zao. Kwa wageni anaongea, kwa mkewe haongei. Atakuwa amefanyiwa kitu huyu. Neno likitoka Didia lina miguu, na kila lilipopumzika lilitiwa chumvi. Lilipofika Mhunze, kwa Mageni, dada yake Maduhu, lilikuwa limekwisha kuwa habari ya mwanamke aliyemlisha mumewe dawa ili mali ibaki mikononi mwake. Mali gani, Mungu ndiye ajuaye. Ng'ombe wenyewe walikuwa saba, na mmoja wao chongo.

Mbuke alikuwa na maneno ya daktari tu. Pale hospitali daktari alimwambia ni kiharusi, damu imeziba upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko maneno yanakopangwa. "Akili zake anazo, mama," alisema. "Ni maneno ndiyo hayapati njia. Yatarudi polepole, si yote." Kuhusu salamu hakuna aliyemweleza kitu, na Mbuke hakuwa na sababu ya kuuliza. Wauguzi husema shikamoo wakiwa wanapita na sindano, nani angekaa kuuliza habari za ng'ombe?

Ila lilikuwapo jambo ambalo Mbuke hakumwambia daktari wala mtu mwingine. Asubuhi ile Maduhu alipoanguka zizini, walikuwa wamegombana. Maduhu alitaka kurudi Segese kuchimba dhahabu na vijana, mtu wa miaka hamsini na sita, na Mbuke alimwambia kwa ukali kwamba akienda, asimwongeleshe tena. Saa moja baadaye mume wake alikuwa chini kwenye samadi, na tangu hapo hakumwongelesha. Kwa hiyo majirani waliponong'ona kwamba Maduhu amemsusia mkewe, Mbuke hakuweza kuwabeza. Naye aliogopa hivyo hivyo. Alimlisha uji akimchungulia macho, akitafuta kama kuna msamaha, na hakujua anachokiona.

Jumamosi moja Mageni akaja na gari la kukodi, pamoja na Mabula, kaka yao mkubwa. Siku yenyewe ilikuwa mbaya. Noela, binti wa Mbuke na Maduhu, alikuwa ndani anatetemeka kwa malaria. Asubuhi Maduhu alijikokota na fimbo hadi kitandani kwa mtoto, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, akakaa pale hadi gari lilipoingia uwanjani.

Mageni hakuzunguka mbuyu. Aliingia ndani, akakunja nguo za kaka yake, akazitia kwenye begi na kuliweka kando ya mlango wa gari. Kisha akaeleza uamuzi wao. Maduhu angekwenda Mhunze, na Mbuke angerudi kwao mpaka wazee wa kwao waje waseme mtoto wao amefanya nini.

"Kaka yangu anaongea na watu wote, wifi," alisema. "Wewe peke yako hakuongeleshi. Umemfanya nini?"

Mbuke akaeleza habari za ubongo na damu. Sauti yake mwenyewe ilimwaibisha, maana ilitoka kama ya mtu anayejitetea uongo.

"Ubongo gani huo unaochagua watu?" Mageni akamuuliza.

Swali lile lile Mbuke alikuwa akijiuliza kila siku.

Mabula, mtu asiyependa makelele, akasema kwamba hata kesi haianzi kabla ya kusalimiana. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mdogo wake. Maduhu akamwamkia kwa heshima, na Mabula akaanza kuuliza moja baada ya jingine. Nyumba? Mhola. Ng'ombe? Wazima. Watoto je, hawajambo? Hawajambo wote, Maduhu akajibu bila kusita, wote wazima.

Mageni alimtazama Mbuke kama anayesema, unasikia mwenyewe. Na Mbuke alisikia, lakini alisikia kitu kingine kabisa. Hawajambo wote? Noela yumo ndani, meno yanagongana, na baba yake ametoka kukaa naye sasa hivi. Maduhu hakuwa mtu wa kusema uongo kuhusu mtoto wake.

Mbuke akapiga magoti mbele ya shemeji yake. "Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Endelea kumsalimia. Mwulize na mama, kama hajambo."

Mageni akaruka. Mama yao alikuwa na miaka minne kaburini, nyuma ya zizi hilo hilo, na Maduhu ndiye aliyeingia shimoni kumpokea. Akasema wifi yake sasa anafanyia mzaha marehemu. Mabula alimtazama Mbuke aliyekuwa bado magotini. Hatimaye akamgeukia mdogo wake na kuuliza kwa sauti ile ile ya salamu.

"Na mama naye, hajambo?"

"Hajambo," Maduhu akajibu. "Mama mzima kabisa. Wabeja."

Kisha wote wakaona uso wa Maduhu ukibadilika, kwa maana alikuwa amejisikia. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea nyuma ya zizi, akaunyoosha tena, akitafuta neno moja tu la kusahihisha lile lililomtoka. "Ta… ta…" Machozi yakamtiririka na mkono ukabaki hewani unaonyesha kaburi.

Mabula akaushika mkono ule, akaushusha taratibu. "Tumekuelewa, mdogo wangu," alisema. "Tunajua unajua."

Hapo ndipo Mbuke alipoelewa kila kitu mara moja, akashangaa amewezaje kulala nalo nyumba moja miezi mitatu bila kuliona. Salamu Maduhu alizijua tangu hajaota meno, zilitoka zenyewe hata asipozitafuta. Mgeni alimwomba maneno hayo ya zamani tu. Mke hamsalimii mumewe kwa kumuuliza habari za ng'ombe wanaolala pamoja nao, mke humuuliza leo unataka uji au chai, nguo ipi, wapi panauma, na kila jibu ni jipya, la kutengenezwa papo hapo. Hayo ndiyo yaliyoharibika. Hakumsusia. Maskini, alikuwa akimtafutia maneno kutwa nzima na hayapati. Mbuke akalia kwa sauti palepale magotini, na kilio kile kilimpa nafuu ambayo hakuwa ameipata tangu siku ya zizini.

Mageni naye alikuwa anafuta macho, lakini Mageni ni Mageni, hashindwi upesi. Akainama mbele ya kaka yake. "Kaka, twende Mhunze nikakutunze?"

"Ndiyo," Maduhu akasema.

Mbuke akakauka. Mageni alimtazama Mabula, Mabula akakuna kidevu. Ndiyo ile ilikuwa ya kweli, au ilimtoka yenyewe kama ile hajambo?

"Tusimwulize mdomo tena," Mabula akaamua. "Maduhu, begi lako lile pale. Fanya unavyotaka."

Maduhu akajiinua kwa fimbo. Mbuke alitaka kumkimbilia, Mabula akamzuia kwa mkono. Wakamtazama akivuka uwanja, mguu wa kulia ukiburuzika vumbini, hadi garini. Dereva akamfungulia mlango. Mageni akaanza kufunga khanga yake vizuri kwa safari, na Mbuke akafumba macho.

Alipoyafumbua, fimbo ilikuwa chini. Maduhu alikuwa ameiachia ili mkono wake mmoja mzima ushike begi, na sasa hakuweza kupiga hatua mbele wala nyuma. Alisimama ameegemea gari, begi limemning'inia, anamtazama mkewe. Hakujaribu kusema kitu. Alikuwa anamngoja.

Mbuke hakukumbuka alivyofika pale. Aliingiza bega lake chini ya kwapa la mumewe, Maduhu akamlalia kwa uzito wake wote, naye akashukuru kwa kila ratili ya uzito ule. Wakaelekea mlangoni mwao polepole, begi likigonga magoti ya wote wawili. Mageni akaiokota fimbo, akawafuata nyuma.