Mfarishi wa Arobaini

Huwaida, mtoto niliyemzaa mwenyewe, alinificha sindano! Niliukung'uta mkoba wangu wa kushonea, zikadondoka nyuzi na subana ya kuvaa kidoleni. Sindano hakuna.

"Vidole vyako vimevimba, mama," akasema. "Juzi ulilia. Mtoto nitamnunulia blanketi Muheza."

Blanketi! Katika ukoo wetu hapa Kigombe, mtoto akitimiza arobaini hulazwa juu ya mfarishi wa kanga kuukuu za mabibi zake, tabaka juu ya tabaka. Shahd, binti wa Huwaida, ndiye aliyejifungua. Kanga za marehemu mama yangu nilikwisha kuzikata. Leo kitukuu changu alale juu ya manyoya ya plastiki, na mie ni mzima?

Nikajitanda, nikazibeba kanga zangu, nikenda kwa jirani yangu Mastura, mshona mito. Nilimweleza kisa chote. Wala hakunipa pole. Alinipa sindano.

"Hebu shona nikuone."

Nikashona. Akaangua kicheko.

"Bibi we! Umeikaba kama umekamata mwizi wa kuku! Mikono itaacha kuuma?"

"Ndivyo nilivyofunzwa."

"Ulifunzwa ukiwa na vidole vya kisichana!"

Nilitaka kuondoka. Sikuondoka. Akachukua ungo uliotoboka, akautoa katikati, ukabaki ukingo wake. Juu yake akawamba zile kanga, akaziacha zilegee kidogo. Kiwiko nikakiegemeza juu ya mto wa kulalia. Akaniagiza sindano niishike kiasi cha kutoanguka tu; subana iisukume, kipande cha mpira wa baiskeli kiivute. Vidole vikianza kunung'unika, niweke chini, ninywe chai. Hilo la kuweka chini ndilo lililonitoa jasho, maana mie nikianza jambo siachi.

Asubuhi nashona kwa Mastura, nyumbani nanuna.

Siku ya arobaini Huwaida akaja na blanketi lake. Nikautandika mfarishi mbele ya watu wote. Kitukuu akalazwa, akajinyoosha, akapiga mwayo, akalala. Huwaida akapitisha kiganja juu ya mishono, akaitazama mikono yangu.

"Mama, umeshonaje?"

"Kitendawili!"

"Mama, jamani..."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ana jicho, haoni. Ana mkia, na kila apitapo anauacha nyuma."

Akainamisha uso. "Sindano."

"Basi nenda kaniletee yangu!"