Amesema Anazima

Kiwanda cha maziwa kilipoletewa meneja mgeni, asiyejua hata neno la salamu, watu wa sehemu ya kufungashia siagi waligundua kwamba katika zamu yao nzima mwenye Kiingereza ni mmoja tu. Makarani wa ofisini walikijua, lakini karani hashuki huko chini. Sakafu ina utelezi, na akianguka na suruali yake iliyopigwa pasi atamlaumu nani? Kwa hiyo kila alichosema meneja kilipitia kinywa cha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa wifi yake Mama Pacha.

Wifi alikuwa amekuja kwa kaka yake kukaa kidogo, mpaka apate chumba. Kidogo hicho kikaota mizizi. Alihamia chumba cha pacha, pacha wakahamia sebuleni, na maisha yakaendelea. Ni yeye pia aliyemwombea Mama Pacha kazi kiwandani, na haukupita mlo wa jioni bila kulikumbushia jambo hilo. "Mimi nilisema na wakubwa," angesema akijiongezea mchuzi, "maana bila lugha huko hupenyi." Mumewe Mama Pacha angetikisa kichwa kwa fahari, kama aliyezaliwa tumbo moja na kamusi.

Mama Pacha mwenyewe aliachana na Kiingereza shuleni kabla hawajazoeana. Alikuwa mwepesi wa mikono, mwenye jicho la kuona kreti iliyopinda kutoka mbali, lakini meneja akifungua mdomo yeye alimtazama Wifi. Nyumbani Wifi, kazini Wifi. Shoga yake wa zamu aliwahi kumtania: "Wewe hata ukiota, Wifi yumo ndotoni anatafsiri." Alicheka siku hiyo. Baadaye hakucheka tena, kwa sababu ilikuwa kweli.

Neno lililomponza lilikuwa dogo, herufi tatu tu: "off". Kila mtu kiwandani alijua analijua. Limeandikwa kwenye kitufe chekundu cha kila mashine, maana yake zima. Tena mtu akipewa ofu, hiyo ni siku ya kupumzika. Nani angedhani kineno kama hicho kina mambo mengine mfukoni?

Siku moja meneja aliwakusanya mbele ya tangi kubwa la maziwa, akaonyesha king'ora kilichofungwa ukutani, akasema sentensi ndefu yenye "off" katikati. Wifi alikunja mikono, akatafsiri: "Anasema king'ora kikizimika, apigiwe simu mara moja." Zamu iliyofuata Mama Pacha aliachwa peke yake na tangi. King'ora kikaanza kulia. Akakitazama, akasema moyoni, alhamdulillahi, hakijazimika, kipo kinapiga kelele zake. Akaendelea na kazi huku masikio yanamuuma. Kumbe kwa Kiingereza king'ora kikifanya "off" ndipo kinapolia, na kilikuwa kinalia kwa sababu tangi limepoteza baridi.

Tangi zima liliharibika. Meneja alichota maziwa kwa kikombe, akayanusa, uso ukamkunjamana, akafoka: "Off! Off!" Alimaanisha yamechacha, lakini Wifi, kwa sauti ya chini, akasema, "Anasema maziwa yana ofu." Kuna aliyenong'ona kwamba hata maziwa yamepewa likizo kabla yao, watu wakafunika midomo. Mama Pacha peke yake hakuona cha kuchekesha. Alipewa onyo la mwisho. Alipojaribu kueleza kwamba king'ora hakikuzimika, alieleza kwa nani? Kwa Wifi. Na Wifi alimgeukia meneja, akasema maneno machache, akarudi na jibu: "Anasema kosa ni lako, usirudie."

Kuanzia hapo akawa anafanya kazi kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Usiku mumewe alimwambia, "Msikilize dada yangu vizuri, atakunusuru."

Ilitokea alasiri, zamu ikikaribia kwisha. Asubuhi yake meneja alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha baridi, akashika mkono wa chuma ulio upande wa ndani, ule wa kufungulia mtu anapotaka kutoka. Akasema neno lake lile, kisha akafanya kwa kiganja kama mtu anayeng'oa karoti. Wifi akatafsiri: "Tukitoka humu tuzime taa." Mama Pacha alijiuliza ni taa gani inayozimwa kwa kung'olewa, lakini nani amemuuliza yeye?

Basi alasiri hiyo waliingia wote wawili kupanga upya kreti za siagi. Chumba kilikuwa kirefu, kuta za bati jeupe, feni kubwa mbili darini zikivuma bila kupumzika. Mlango ulikuwa mzito, ukajirudisha wenyewe nyuma yao kama kawaida yake. Walipomaliza, vidole vikiwa vimeanza kufa ganzi ndani ya glavu, Mama Pacha alishika ule mkono wa chuma, akavuta.

Ukabaki mkononi mwake.

Aliutazama. Akautazama mlango, palipobaki kitundu tu. Akaelewa kile kiganja cha asubuhi, na baridi iliyompita mgongoni haikuwa ya feni.

"Wifi," alisema, "yule alikuwa anasema huu mkono unang'oka."

"Wacha maneno yako. Gonga mlango."

Waligonga. Waligonga kwa ngumi, kwa mabuti, kwa kreti tupu. Lakini ukuta ule ulitengenezwa usipitishe hata joto, sembuse sauti ya wanawake wawili. Nje mashine zilikuwa bado zinanguruma, na zamu ya kutoka ilishaanza kuelekea geti.

Karibu na mlango palikuwa na simu ya ukutani inayokwenda moja kwa moja kwa meneja. Wifi aliinyanyua, akasafisha koo, akaweka ile sauti yake ya ofisini, laini, yenye tabasamu ndani yake. Alitaka kumwomba azime mashine ya baridi kwanza, halafu waokolewe taratibu bila fedheha. "Hello sir. Off, please. We off." Upande wa pili ulijibu kwa furaha, maneno mafupi, na neno lile lile ndani yake. Simu ikakatika.

"Amesema anazima," Wifi alisema. "Tusubiri."

Wakasubiri. Walikaa juu ya kreti, magoti yakigusana, pumzi zikitoka kama moshi wa kuni mbichi. Mama Pacha alikodolea macho zile feni. Nyusi za Wifi zilianza kuwa nyeupe. Feni zilizunguka kama zilivyokuwa zikizunguka.

"Mbona hazizimi?"

"Zinachukua muda. Mashine kubwa haizimi kama kibatari."

Baadaye ilikuja kujulikana meneja alisikia nini. Alisikia wafanyakazi wake wawili wakimuaga kwa adabu kwamba wanaondoka, naye akawaruhusu: haya, nendeni zenu, hata mimi naondoka. Alikuwa ameshaanza kuvaa koti.

Meno ya Mama Pacha yalikuwa yanagongana sasa. Aliwafikiria pacha sebuleni wakimngoja awafungue vifungo vya sare. "Mpigie tena," alisema. Wifi hakuinuka. "Mpigie, Wifi! Muulize amezima nini!"

Wifi aligeuza uso ukutani, na hapo Mama Pacha aliona kitu ambacho hajawahi kukiona tangu amfahamu. Midomo ya Wifi ilikuwa inatafuta maneno, na maneno hayakuwepo.

"Hukumsikia alivyosema," alisema Mama Pacha polepole.

"Nilimsikia."

"Hukumwelewa."

Wifi alijikunyata juu ya kreti.

"Naelewa mwanzo," Wifi alisema hatimaye, na sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka. "Halafu anakimbia. Nikishika neno moja, lile ndilo nalijengea nyumba."

"Hata king'ora?"

"Nilijua alipofoka. Nilijua, lakini ningesemaje? Kaka yangu ananisifia mbele za watu kwamba mimi ni msomi, ningeanzia wapi kusema hapana?"

Laiti ingekuwa nje, penye jua, Mama Pacha angempiga. Alijua hilo kabisa. Ila humo ndani hasira yenyewe ilikuwa imeganda. Zaidi ya hasira alihisi ameelemewa: kumbe miezi yote hii amefungiwa, na aliyemdhani ameshika funguo alikuwa mfungwa mwenziwe.

Alisimama. Miguu haikuwa yake tena. Akanyanyua simu, na iliposema "Hello?" hakutafuta Kiingereza wala hakulainisha sauti. Alipiga ukelele.

"Tumefungiwa! Baba wee, tunakufa huku! Mlango! Nina watoto mimi! Tunakufa!"

Alilia humo, akapiga ukuta kwa kile chuma alichokuwa bado amekishika, akaita, akaomba, mpaka pumzi ikamwishia. Meneja hakuelewa neno hata moja. Lakini kilio hakina kamusi. Simu iliachwa ikining'inia, na kupitia kwayo walisikia viatu vikikimbia.

Mlango ulipofunguka, mwanga na joto viliingia pamoja. Meneja alikuwa anatweta, tai imemrukia begani. Alimshika Mama Pacha mabega, akalitazama koti lake lililokakamaa kwa barafu, akapaza sauti: "Off! Take it off!"

"Sawa, bosi," Mama Pacha alisema huku akitetemeka. "Nimekusikia. Nimefukuzwa. Acha nikachukue mkoba wangu." Akaanza kwenda. Meneja akamrudisha, akamvua lile koti mwenyewe, akamvika la kwake lenye joto la mwili. Kisha akakimbilia kwa Wifi, aliyekuwa bado amekaa juu ya kreti, hainuki.

Jumatatu waliitwa ofisini. Safari hii meneja alimketisha karani wa mishahara pembeni awe mkalimani. Swali lilikuwa moja: aliwaonya asubuhi ile ile, waliingiaje bila mtu wa kushika mlango?

Wifi alimtazama Mama Pacha. Yalikuwa macho ya kuomba. Mama Pacha alijua akisema, nyumbani pasingekalika. Na asiposema, lile onyo la mwisho lingebaki shingoni mwake, na siku nyingine neno lingine lingewafungia mlango mwingine, pengine wao na wengine.

"Muulizeni wifi yangu alivyoelewa," alisema. "Mimi nilielewa kwa kupitia kwake."

Wifi aliinamisha kichwa. "Sikuelewa," alisema. "Hata king'ora sikuelewa."

Onyo likafutwa. Wifi hakufukuzwa, alipelekwa kuosha kreti. Mkono wa mlango ukafungwa mpya siku hiyo hiyo, na karani akapewa mabuti ya mpira. Akawa anashuka kila asubuhi akitembea kama kuku aliyekanyaga gundi.

Kuhusu nyumbani, Mama Pacha hakukosea. "Umemvua nguo dada yangu mbele ya watu," mumewe alimwambia, akahamishia mto wake upande wa pili. Wifi alikula chumbani, mlango umefungwa. Yeye Mama Pacha alipika, akapakua, akala na pacha sebuleni, na nyumba nzima ilikuwa na ubaridi ambao hakuna fundi wa kuuzima. Kuna siku alijiuliza kama alitoka kweli mle ndani.

Mwezi ukaenda hivyo. Asubuhi moja karani alikuwa mgonjwa. Meneja alisimama mbele ya Mama Pacha na pakiti ya siagi, akasema jambo lenye neno lile. Kwa mazoea, watu wote waligeuka kumtazama Wifi kwenye karo la kreti. Wifi aliendelea kusugua.

"Sijaelewa, bosi," alisema Mama Pacha, akinyoosha viganja. "Nionyeshe."

Meneja alifikiri, akaikwangua lebo ya pakiti kwa ukucha, akaibandua. Lebo zilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Mama Pacha akachukua pakiti ya pili, akabandua, akamwonyesha. Meneja akaonyesha kidole gumba.

Jioni walitoka getini kama siku zote, Wifi mbele, yeye nyuma, kama wasiojuana. Mama Pacha akapitia dukani kununua mfuko wa unga, na kwenye kona Wifi alipunguza mwendo.

"Alikuwa anataka nini yule?" aliuliza bila kugeuka.

"Tubandue lebo."

Wifi alitembea kidogo. "Mimi nilikuwa nimeshapata kwamba siagi imepewa ofu."

Mama Pacha aliuma mdomo, lakini cheko lilimtoka puani, na Wifi naye mabega yakaanza kumtikisika. Hawakusameheana siku hiyo. Mambo mazito hayasameheki njiani. Lakini walivuka barabara pamoja, na Wifi akachukua upande mmoja wa mfuko wa unga uliokuwa unamwelemea mwenzake.