Sauti ya Motrya

Pamfil Zasukha hakuwa na piano, hakuwa na mke, hakuwa na cheti cha chuo cha muziki cha Petersburg, wala koti la kuingilia Kyiv bila kuchekwa. Zaidi ya yote, alikosa sauti moja.

Wimbo wake wa kwaya ulikuwa umekamilika, isipokuwa sauti hiyo, ya juu kabisa. Kondakta wa Kyiv alikuwa amemwandikia: sauti zote zimfikie kabla ya Kwaresima, la sivyo asahau. Pamfil, mwalimu wa shule aliyeanza kuota mvi, hakutegemea kuandikiwa tena.

Katika kijiji chao cha jimbo la Poltava, wanawake huimba pamoja chini, kisha sauti ya mmoja hupanda juu yao peke yake. Aliyekuwa akipanda ni Motrya. Ujanani Pamfil alimpelekea washenga, wakarudishwa wakiwa wamepewa boga, na kwao boga ni jibu tosha la kukataa. Motrya akaolewa na mwingine, wakahamia Amur, mbali kabisa mashariki, kutafuta ardhi.

Basi Pamfil akaitunga sauti ile mwenyewe, akawapelekea wanawake waliokuwa wakichambua manyoya ya bata bukini nyumbani kwa Bibi Yavdokha. Wakaiimba, kisha wakaendelea kuchambua.

"Semeni basi," alisema Pamfil.

"Ni nzuri, mwalimu," alijibu Yavdokha. "Imenyooka kama uzio wa padri."

Wenzake wakacheka mpaka manyoya yakaruka.

"Kwani Motrya hakupita hapo?" aliuliza Pamfil.

"Motrya hakujua atapita wapi mpaka afike. Wewe umejua tangu nyumbani kwako."

"Mwacheni," alidakia mmoja. "Lile boga bado halijamshuka."

"Funga mdomo, wewe." Yavdokha akamgeukia Pamfil. "Haya, mwanangu, tuimbie alivyokuwa akiimba."

Pamfil akafungua kinywa. Miaka yote aliisikia sauti ile kila alipozima taa. Sasa ilitoka ile aliyoiandika tu. Akajaribu tena, ikatoka ileile. Wanawake hawakucheka.

Alirudi nyumbani kwenye theluji, akakwangua noti zake kwa kisu mpaka mistari ya juu ikabaki mitupu. Akatega sikio. Hakusikia kitu.

Akamwandikia kondakta: "Mheshimiwa, sauti ya juu iko Amur. Mkipata mwanamke wa kupanda, mwacheni apande anavyojua. Msipompata, imbeni bila yeye, au msiimbe kabisa. Ila msiandike kitu hapo."

Akaikunja barua pamoja na muziki, akadondosha nta, akagandamiza kwa kidole gumba, akamkabidhi tarishi aliyekuwa tayari ameshapanda sleji yake ya kusafiria thelujini.